Fremu ya Futi Nne

Mzee Bazilio alikuwa amechoka kabla mambo haya hayajaanza. Watu wa Kasulu wanaomkumbuka husema hivyo kwanza, ndipo waendelee na mengine. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, magoti yaliyomuuma kila mvua ilipojikusanya upande wa Heru Juu, na macho yaliyochakaa kwa kutazama picha za pasipoti miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa uchoraji. Aliandika vibao vya saluni na maduka, alichora ramani ya Tanzania kwenye kuta za shule, lakini waliomlisha hasa walikuwa marehemu. Mtu akifiwa alimletea picha ndogo iliyobanduliwa kwenye kitambulisho, naye Bazilio akaikuza kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi, akaitia fremu, ikaenda kutundikwa sebuleni. Jioni alipofika nyumbani alimwambia mkewe, mwalimu Ernesta, kwamba kabla hajafa angependa kuchora mtu ambaye bado anapumua.

Kibanda chake kilipakana na karakana ya Tamimu, seremala aliyemtengenezea fremu. Wawili hao walibishana kila siku jambo moja. Tamimu alisema fremu ni nguo tu, picha huvishwa baada ya kuzaliwa. Bazilio alisema hapana, fremu ni chumba, na mtu hukaa kama chumba kinavyomruhusu. Fremu iliyosimama humsimamisha mtu peke yake, hata akiwa na ndugu kumi. Fremu ya duara humwinamisha kichwa. Fremu pana iliyolala hukuambia ulete watu wengi au ulete mlima. Kwa hiyo yeye hakushika penseli kabla hajaiona fremu.

Basi asubuhi moja ya Februari 2013, Asia akaja kibandani amebeba kitu kirefu kilichofungwa kwa khanga. Asia na mumewe Isihaka walikuwa na duka la vitenge karibu na soko. Watu wa Isihaka walitoka Pangani, na mama yake mzazi, Bi Mwanaheri, alikuwa akiishi nao.

"Mwakeye, mzee Bazilio," alisalimu Asia, kwa Kiha alichojifunza dukani.

Alifungua khanga. Ndani yake mlikuwa na fremu ya mbao nyeusi, laini kama mpini wa jembe la zamani, urefu futi nne, kwenda juu futi moja na nusu. Alieleza kwamba aliinunua kwa mtu wa baiskeli. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilikuwa imefungwa Desemba, Warundi wamerudishwa kwao, na tangu hapo milango, masufuria na viti vyao vilikuwa vikizungushwa mjini. Pamoja na fremu alileta picha waliyopigwa siku ya Idi. Alitaka familia nzima ichorwe, wakiwa safu moja, maadamu mama mkwe bado yuko nao.

Watu hai. Bazilio alifurahi siku hiyo, akapiga mluzi. Alimwita Tamimu aje aione fremu. Tamimu aliigeuza, akatafuta kwenye pembe mahali mbao zilipoungana, asipaone. Hapakuwa na msumari, hapakuwa na gundi, hapakuwa hata na mstari. Alisema aliyeitengeneza alikuwa fundi kumshinda yeye. Kisha alijifuta mikono kwenye suruali, akatazama viganja vyake, akajifuta tena.

Kazi ilikuwa ndogo kwa mtu wa uzoefu wake. Kutoka kushoto: Bi Mwanaheri, kisha Kudra, binti wa miaka minane, kisha Lukmani mdogo wake, kisha Asia amempakata Swaumu mchanga, na mwisho kulia, Isihaka. Mabega matano, futi nne. Bazilio alipima, akagawa, akachora kwa penseli. Alipoweka ubao ndani ya fremu, Bi Mwanaheri alikuwa nje.

Alidhani amekosea hesabu. Akafuta, akawabana zaidi. Mara hii uso wa bibi ulikatwa katikati na ukingo. Akafuta tena. Siku nne alihangaika na safu ile ile, na kila mara watu watano walipotoshea kwenye ubao, wanne tu ndio waliotoshea kwenye fremu. Tepu ilisema futi nne hapa, futi nne pale. Mwisho alichoka. Alichofanya ndicho mchoraji yeyote angefanya: aliifuata fremu. Bi Mwanaheri akamchora mkono tu, umewekwa begani kwa Kudra, kana kwamba mwenyewe amesimama hatua moja pembeni.

Bi Mwanaheri alikuja mwenyewe kuitazama. Bazilio aliomba radhi, akajaribu kueleza habari ya fremu. Bibi alicheka.

"Mie mkono wanitosha, mwanangu," alisema. "Safari yenyewe imekwisha karibia."

Picha ikatundikwa sebuleni kwao. Asia alikuja kukiri baadaye kwamba tangu siku ile walianza kupakua chakula sahani moja pungufu. Si kwa ubaya. Bibi aliongea, wakaendelea na mazungumzo yao kama hakuna aliyesema. Alikohoa, hakuna aliyegeuka. Siku ya tisa, alasiri, alifia kwenye kiti chake. Sebuleni walikuwamo watu wanne. Ilipita saa nzima kabla mmoja wao hajamwona.

Hakuna aliyeshangaa kifo cha mwanamke wa miaka sabini na saba. Walimzika, kisomo kikasomwa, watu wakatawanyika. Wiki moja baadaye Asia alirudi kwa Bazilio na picha kwenye khanga. Alidhani ubao umesogea, maana mkono wa bibi haukuonekana tena begani kwa Kudra. Na upande wa kulia, Isihaka hakuwa na sikio.

Ilikuwa saa sita mchana. Jua lilikuwa kali, mashine ya kusaga ya jirani inanguruma, watu wanapita na ndizi kichwani. Bazilio alifungua vimisumari vya nyuma, akautoa ubao. Mkono wa bibi ulikuwapo. Sikio la Isihaka lilikuwapo. Akaurudisha ubao. Sikio halipo. Akautoa. Lipo. Akapima ubao, futi nne. Akapima fremu, futi nne. Akaurudisha mara ya tatu, akaweka kidole kwenye ukingo wa kulia, akakitelezesha polepole.

Safari hii na bega halikuwapo.

Alimwambia Asia aiache, ataitengeneza. Akamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, bwana Isihaka hajambo? Asia alisema hajambo, ila mkono wa kulia unamfa ganzi, na bodaboda wawili wamemgonga wiki hiyo hiyo, wote upande wa kulia, wote wakiapa kwamba hawakumwona. Bazilio aliutoa ubao kwenye fremu palepale, akauegemeza ukutani. Alidhani hilo litatosha.

Alhamisi Isihaka alipanda basi kwenda Kigoma kuchukua mzigo. Alikaa kiti cha nyuma kabisa, mwisho kulia, karibu na dirisha. Mama mmoja aliyekaa naye alisema waliongea habari za bei ya mchele mpaka walipokaribia Kidahwe. Akainama kumfunga mwanawe kamba za viatu. Alipoinuka, pale pembeni palikuwa na koti na mfuko. Basi halikuwa limesimama. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Polisi waliandika maelezo. Masheikh walisoma dua. Ndugu wawili walikuja kutoka Pangani, wakaipekua barabara yote kwa miguu, wakarudi na vumbi. Asia alifungua duka kila siku, akakaa nyuma ya vitenge bila kumuuzia mtu.

Bazilio hakumwambia mtu neno. Alikuwa na hofu, na pia alikuwa amechoka, na wakati mwingine uchovu hufunga mdomo kuliko hofu. Lakini jioni moja Ernesta, aliyekuwa mwalimu wa darasa la Kudra, alikuwa akichambua maharage uani, akasimamisha mikono.

"Leo nimemwandika Kudra hayupo," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeita jina lake, nikaandika hayupo. Alikuwa mbele yangu, baba Nickson. Alikuwa anaitikia."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki ile.

Bazilio aliondoka bila kuvaa viatu vizuri, akaenda kibandani, akaurudisha ubao ndani ya fremu. Isihaka hakuwamo kabisa. Upande wa kulia picha ilianzia begani kwa Asia. Upande wa kushoto ukingo ulikuwa umemfikia Kudra. Shavu moja limeingia chini ya mbao. Jicho lilikuwa bado.

Ndipo akamweleza mkewe yote, na asubuhi akamweleza Tamimu. Tamimu hakubishana. Alichukua msumeno, akaiweka fremu kwenye benchi, akakata mpaka jasho likamtiririka. Alipoinua msumeno, mbao haikuwa na hata mkwaruzo. Meno ya msumeno yalikuwa yamelala, yote upande mmoja, kama nyasi zilizokaliwa.

"Twende ilikotoka," alisema Tamimu.

Walikodi bodaboda mbili mpaka Mtabila. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba. Mahali palipokuwa na maelfu ya watu miezi mitatu nyuma palikuwa na kuta tu, safu kwa safu, hazina mapaa, zinayeyuka kurudi udongo. Mahindi yaliyopandwa na walioondoka yalikuwa yamezaa, hayana wa kuyavuna. Hapakuwa na mbwa wala kuku. Bazilio alitembea ameibeba fremu mgongoni kwa kamba, na kila baada ya hatua chache alisimama kupumzisha magoti.

Pembezoni mwa kijiji cha jirani walimkuta mzee Hatungimana. Yeye alikuwa Mrundi aliyeoa Muha miaka mingi nyuma, akabaki wenzake walipoondoka. Walipofungua khanga waliyoifungia fremu, hakuigusa. Aliitazama, akatazama chini.

Alisema iliyotengeneza fremu ile ilikuwa mikono ya jirani yake, seremala. Alikuwa na binti aliyezaliwa kambini, mgonjwa wa uti wa mgongo, ambaye hakuwahi kusimama wala kukaa. Baba yake alitamani picha ya mtoto, kitu cha kubaki nacho, maana aliona hatakuwa naye siku nyingi. Kamera hakuna. Akasema atatengeneza fremu kwanza, mchoraji atapatikana.

"Alimpima akiwa amelala," alisema Hatungimana. "Kutoka utosini mpaka kisigino. Futi nne. Akachonga mwaka mzima."

"Akachorwa?" aliuliza Bazilio.

"Nani angemchora?"

Mtoto alikufa, akazikwa palepale. Fremu ilitundikwa ukutani juu ya mkeka wake, tupu, miaka sita. Siku ya kuondoka baba yake alikwenda nayo mpaka mlangoni pa basi. Akaambiwa hakuna nafasi.

Hatungimana aliwapeleka kwenye nyumba ile. Kuta tatu zilikuwa zimelowa, zimeanguka nusu. Ya nne ilikuwa imesimama, na juu yake palikuwa na alama ya mstatili, futi nne kwa futi moja na nusu. Udongo wa ndani ya alama ile ulikuwa mkavu. Paa halipo, mvua imenyesha usiku kucha, na udongo ule ulikuwa mkavu kama unga. Tamimu aliweka kiganja, akakiondoa haraka. Alisema pana joto.

Basi Bazilio akaelewa alipokosea. Aliiona fremu pana, akadhani inataka watu safu. Haikutaka safu. Ilikuwa chumba cha mtu mmoja, mtu aliyelala, na kila aliyewekwa humo amesimama ilimsukuma pembeni ili kupata nafasi ya yule iliyemsubiri.

Dawa ilionekana rahisi. Achorwe mtoto yule, amelala, fremu ipate chake. Bazilio aliketi juu ya tofali, akatoa daftari na penseli, akamwomba Hatungimana aeleze uso wa binti. Mzee alifumba macho, akakumbuka polepole. Paji pana. Nyusi nyepesi. Kidevu kidogo. Kovu? Hapana, hakuwa na kovu. Meno ya mbele yameachana kidogo. Bazilio alichora kama alivyoambiwa, mstari kwa mstari, bila kuongeza.

Alipomaliza alitazama. Alikuwa amemchora Kudra.

Akachana karatasi. Akaanza upya, akaanza na kidevu badala ya paji. Ikatoka Kudra. Akampa Tamimu penseli, Tamimu asiyejua kuchora hata kuku. Tamimu alivuta mistari sita mibovu, akaitupa penseli kwenye mahindi. Hata ile mistari sita ilikuwa Kudra, amefumba macho.

Walirudi mjini. Waliposhuka kwenye bodaboda Tamimu alisema kwa sauti ya kunong'ona kwamba achore mtoto yeyote basi, mtoto wa kubuni. Bazilio alitikisa kichwa. Miaka thelathini ilikuwa imemfundisha kwamba hakuna uso wa kubuni. Mchoraji akidhani amebuni, mahali fulani mwenye uso huo anachota maji.

"Kila uso una mwenyewe," alisema. "Labda nichukue ambao mwenyewe namjua, na hatadai."

Tamimu alielewa baadaye. Wakati ule alidhani mzee anaweweseka kwa uchovu.

Usiku hapakuwa na umeme. Walikula mapema, wakalala. Asubuhi ya Ijumaa, wakati Ernesta anajifunga kitambaa kwenda shule, Bazilio alimuuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza kwa miaka thelathini na minne ya ndoa.

"Hivi mimi nikilala, nalalaje?"

Ernesta alimtazama. "Kama mtu aliyetoka mbali."

"Mkono uko wapi?"

"Chini ya shavu. Wa kushoto."

"Na miguu?"

"Unaikunja. Tangu umenioa unaikunja, kama vile kitanda ni kifupi."

Akamshukuru. Ernesta alikwenda shule na neno lile la shukrani likimkera rohoni, hajui kwa nini. Darasani aliita jina la Kudra mara nne. Alimwona mdomo ukitembea. Sauti hakuisikia.

Bazilio alichukua ubao mpya kwa Tamimu. Alichora Ijumaa yote na Jumamosi tangu asubuhi, na alichora polepole, bila kukosea. Mtu mzima hatoshi kwenye futi nne akiwa amenyooka. Fremu ilimwambia akunje magoti, akakunja. Ilimwambia ainamishe kichwa, akainamisha. Mgongo ukafuata ukingo wa juu, nyayo zikafika pembe ya kulia, mkono wa kushoto chini ya shavu. Hakujipamba. Alichora mvi, alichora mifuko ya macho, alichora shati lenye tone la rangi kifuani. Tamimu alichungulia mara mbili, akasema baadaye kwamba hiyo ndiyo kazi bora aliyowahi kuiona ikitoka mikononi mwa mzee yule, na kwamba kuitazama kulimfanya apige miayo.

Saa tisa alasiri Bazilio aliingiza ubao ndani ya fremu. Haikukata kitu. Wala hakuhitaji vimisumari. Ubao uliingia ukashikwa, na mbao ikatoa sauti ndogo, kama mtu anayeachia pumzi aliyoizuia siku nyingi.

Aliosha brashi zote kwa mafuta ya taa, akazikausha, akazipanga kwa ukubwa. Tamimu akamuuliza kama imekwisha.

"Imekwisha. Nimechoka kidogo, nitajinyoosha hapa," alisema Bazilio.

Adhana ya alasiri ikaita, Tamimu akaenda kusali. Aliporudi alimkuta mzee amelala kwenye mkeka wa kibanda. Hakuwa amejinyoosha. Alikuwa amekunja magoti, amekunja mgongo, mkono wa kushoto chini ya shavu. Ernesta alipoitwa na kufika, aliweka kidole mdomoni, akawaambia watu wapunguze sauti, mumewe amelala. Alipiga magoti, akamgusa mguu, akajaribu kuunyoosha. Haukunyooka. Daktari alisema moyo.

Saa hiyohiyo, upande wa pili wa soko, Isihaka aliingia dukani kwake. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimuuliza Asia kwa nini duka halina wateja siku ya Alhamisi. Alikuwa ameondoka siku kumi na sita zilizopita. Asia hakupiga kelele. Alishika vitenge vilivyokuwa mezani, akavikunja kimoja baada ya kingine mpaka vikaisha, ndipo akaanza kulia.

Isihaka hakusimulia alikokuwa, ila kwa Tamimu, mara moja tu, walipokuwa wakitoka makaburini. Alisema alisinzia kwenye basi. Akajikuta amekaa pembeni mwa chumba kirefu, chembamba, dari iko chini, hakuna mlango. Mama yake alikuwa amekaa pembe ya pili. Katikati alilala mtoto wa kike juu ya mkeka, anawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama anayetafuta uso fulani. Hakujua alikaa muda gani. Kisha akaingia mzee ameshika viatu mkononi. Akamwambia, inuka bwana, watu wako wanakungoja, mimi nitalala hapa. Mtoto akasogea kumpa nafasi.

"Na Bi Mwanaheri?" aliuliza Tamimu.

"Nilimvuta mkono. Akakataa. Amesema amekwisha zoea."

Ernesta aliamua mwenyewe. Alisema picha ile haitundikwi kwa mtu. Ikafunikwa shuka jeupe, ikawekwa kaburini juu ya jeneza la mumewe, fremu yake na yote, na mapadri hawakuulizwa. Tamimu ndiye aliyeishusha. Jumatatu mwalimu wa zamu aliita jina la Kudra mara moja, akasikia "nipo", akaendelea na jina lililofuata.

Mambo yakatulia. Asia akauza vitenge, Kudra akafika darasa la nne, Ernesta akastaafu akaenda kukaa kwa mwanawe Nickson huko Kahama. Mwaka 2015 Warundi walianza tena kuvuka mpaka, wakaelekezwa kambi ya Nyarugusu, na mji ukawa na habari nyingine za kuzungumza.

Lakini Tamimu husali msikiti mmoja na Isihaka, na kuna jambo ambalo hajawahi kumwambia. Kila Ijumaa imamu hugeuka kabla ya takbiri, akawaambia wanyooshe safu na kuziba mianya. Watu husogea, bega kwa bega, mguu kwa mguu. Kulia kwa Isihaka hubaki pengo. Ni pengo la upana wa mtu mmoja. Aliyesimama ng'ambo yake hasogei, na ukimtazama usoni haonyeshi kujua kwamba hajasogea. Waliochelewa huliona, huja mbio kulijaza. Wakifika pale husimama, huomba radhi kwa sauti ndogo, kisha hurudi safu ya nyuma.